Chwaa ya Nyar Migosi

Migosi, Kisumu
6 Desemba 2025

Wamucii wangu,

Nimekutangulia tena. Tangu tuanze mchezo huu bwenini, wewe kitanda cha juu na mimi cha chini, zimepita Desemba ishirini na moja, na mimi nimeandika kwanza mara kumi na saba. Wewe hungoja uone nimesema nini ndipo useme kinyume. Haya, ngoja tu. Sheria ni zilezile: vinywaji vitatu vya mwaka, nyimbo tatu za mwaka, kwa mkono, kwenye karatasi. Simu ni ya matanga na mvua. Obonyo akimaliza kushusha samaki hapa mjini atarudi Asembo na barua hii ndani ya pikapu, pamoja na chupa sita ambazo ukimkuta amezirusharusha umnyime barafu wiki nzima.

Namba tatu ni maji ya miwa ya Kibuye. Yule mzee wa mashine siku hizi anakamua limau na tangawizi humo humo na muwa. Agosti, kwenye lile joto, nilikunywa bilauri mbili nimesimama, nikasahau kilichonipeleka sokoni. Kilikuwa kifuniko cha sufuria. Mpaka leo sufuria inakaa wazi.

Namba mbili ni uji wa Ahero. Mwezi wa Mei maji yalipokata barabara nilikwama kwa mama anayeitwa Rosa, simjui, hanijui. Tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni kwake na vikombe vinne. Uji wa wimbi uliochacha ukachacha vizuri, wa moto, unapokea kikombe kwa mtu usiyemjua na huulizi amenywea upande gani. Nimewahi kunywa uji mtamu zaidi. Sijawahi kunywa uji kwa shukrani kama ile.

Namba moja ni chwaa yangu. Najua utasema mwamuzi ameingia uwanjani kufunga bao. Funga masikio. Hawa wapangaji wa huku huiita juisi ya ukwaju, mimi naiita kama mama alivyoiita, na mwaka huu nimeipata, Wamucii, nimeipata kabisa. Kikombe kimoja cha chwaa kwa vitatu vya maji, nusu ya sukari, tangawizi, halafu kitu kimoja ambacho hata wewe sikwambii. Niliwaonjesha watu kumi. Tisa wamerudi. Wa kumi alihamia Nakuru.

Sasa sikiliza. Ile hoteli mpya ya ufukweni kwenu, yaani kwetu, itafanya sherehe ya mchana tarehe 27, familia nzima nzima, bendi ya Dalmas itapiga. Meneja, Celestine, anatafuta kinywaji kimoja cha kienyeji cha kuwapa wageni wote, kisicho pombe. Atachagua kabla ya Krismasi. Nimepeleka ujumbe kwamba nipo. Unakumbuka nilipoanza, watu wa Asembo walivyocheka? Chwaa ni ya watoto na wajawazito, walisema, Ajwang ameenda mjini kuuza mate. Miaka kumi na miwili nimeuza mate. Nataka niione chwaa ile pale nyumbani, mikononi mwao, wakiwa wamevaa nguo za sikukuu.

Nyimbo. Tatu, akina mama wa kanisa letu siku stima ilipopotea katikati ya ubeti na hakuna aliyekosa noti. Mbili, ule upuuzi wa vijana wa ghorofani kwangu, hauna maana hata moja na nimeukariri wote. Moja, Dalmas, ule mpya wenye gitaa linalocheka mwanzoni. Niliusikia ukipita barabarani mara moja tu, nikaacha mteja na bilauri mkononi. Sijausikia mpaka mwisho.

Andika haraka. Mungu alitubadilishia viti, wewe wa Migosi uko Asembo na mimi wa Asembo niko Migosi, lakini hakutubadilishia midomo.

Ajwang wako


Asembo Bay
10 Desemba 2025

Ajwang,

Chupa zimefika sita, na sasa ni mbili, usiulize.

Namba tatu yangu ni chai ya baba. Mzee Zachariah alikuja kuniona mwezi wa nne, akakataa chai ya dukani kwangu, akaipika mwenyewe, majani mengi na maziwa mengi na tangawizi aliyoitwanga kwa jiwe la kuzuia mlango. Jirani zangu walisikia harufu wakaja mmoja mmoja na visingizio. Namba mbili ni soda nyeusi iliyolala kwenye barafu ya sangara. Ina magamba kidogo shingoni. Ukitoka kupasua barafu tangu alfajiri hutajali magamba. Namba moja unaijua, sitakuvimbisha kichwa.

Nyimbo. Tatu, wanawake wanaoanika omena hapa mbele ya duka. Wana wimbo wa kumsema mnunuzi bahili. Anafika, wanauimba mbele yake, naye anaupigia makofi kwa sababu hajui ni yeye. Mbili, mugithi. Baba aliuweka kwenye redio ile siku ya chai, na majirani waliocheka Wakikuyu wanavyocheza kwa kufuatana mkia kwa mkia walijiunga mkia kwa mkia mpaka kwenye mitumbwi. Nilicheka nikakaa chini.

Moja sikuandikii. Usinune. Mwezi wa kumi na moja Dalmas alipiga kwenye harusi ya binti wa Mzee Oyugi hapa, na walirekodi. Huo wako wenye gitaa linalocheka ndio huohuo, nami nilikuwepo ulipozaliwa. Usikilize mpaka mwisho, Ajwang. Ukishasikia sehemu bendi inaponyamaza, niandikie ulifanya nini. Sitasema neno lingine. Nimefurahi mno hata kalamu inaruka.

Kuhusu Celestine, usihangaike. Acha tu.

Wamucii


Migosi
15 Desemba 2025

Kwa Mama Valerie,

Salamu.

Nimeusikiliza wimbo mpaka mwisho, kama ulivyoniagiza. Winny aliupata kwenye simu yake, akaniita jikoni akidhani ananiletea zawadi.

Wewe umekulia hapa, pakruok huhitaji kufundishwa. Mtu anainua mkono, bendi inanyamaza, anajitaja yeye ni nani na wa wapi, anamsifu rafiki yake, watu wanacheka, gitaa zinarudi. Sasa Dalmas amenyamazisha bendi yake yote, na nusu ya Nyanza inasikiliza, ndipo anasema kwa sauti yake nzuri: ukionja chwaa ya Nyar Migosi, hata ziwa utaliona kavu.

Nyar Migosi. Binti wa Migosi. Mimi nimelala Migosi miaka kumi na miwili na hakuna hata siku moja mtu ameniita hivyo, kwa sababu mwanamke wetu huitwa kwa alikozaliwa, si kwa anakolipa kodi ya nyumba. Kila mteja wangu hapa huniita Nyar Asembo. Niliwauliza watu wanane Nyar Migosi ni nani. Sita hawakujua. Wawili wana jamaa Asembo, wakasema bila kusita: ni yule Mama Valerie wa barafu pale ufukweni, ndiye mwenye chwaa.

Basi nikavunja sheria nikapiga simu hotelini. Celestine ni mpole sana. Aliniambia pole mama, tumeshakubaliana na Nyar Migosi, tumeionja yake, ni ya ajabu.

Ni ya ajabu. Najua ni ya ajabu, Mama Valerie, nilikutumia chupa sita.

Sasa naelewa "acha tu." Naelewa na kalamu inayoruka. Sikuwahi kufungiwa biashara na adui. Maadui zangu wote nawajua kwa majina na bei zao. Usinipigie simu, hapajafa mtu na hakunyeshi.

Mama Winny


Asembo Bay
17 Desemba 2025

Ajwang,

Simu yangu hukuipokea mara tisa, kwa hiyo nakuandikia na Obonyo ananipigia honi nje.

Ni mimi niliyemwomba Dalmas aseme maneno yale. Kwa ajili yako. Ilikuwa zawadi ya mwisho wa mwaka, ndiyo namba moja niliyokuficha.

Nieleze nilivyofanya ujinga. Pale harusini watu walikuwa wanajitaja, Nyar Sakwa, Nyar Ugenya, wanaume nao Wuod Gem, na jina tupu halina utamu, nikaona Ajwang hivi hivi halitoshi. Nikafikiri kama muuza duka. Mtu akisikia kinywaji kitamu atataka kujua kinapatikana wapi. Kinapatikana wapi? Migosi. Nikamnong'oneza Dalmas, Nyar Migosi. Niliandika kibao cha duka, Ajwang, nikadhani nimetoa sifa. Tena niliona aibu kusimama nijitaje mwenyewe, Mkikuyu katikati ya harusi ya watu, kwa hiyo sifa ikatoka bila mwenyewe wa kuulizwa.

Wimbo ulipotoka watu wa hapa walijiuliza, nani hapa amezaliwa Migosi? Mmoja tu. Jumatatu asubuhi nilikuta akina mama watano mlangoni na majagi. Niliwaambia chwaa si yangu. Wakasema naficha nipandishe bei.

Celestine alikuja mwenyewe. Nilimwambia, "Mwenye chwaa hii yuko Migosi."

Akacheka. "Mama, si ndiyo maana unaitwa Nyar Migosi."

"Hapana. Yeye ni wa hapa Asembo, ila yuko Migosi."

"Na wewe wa Migosi uko Asembo." Aliniangalia kama mtu aliyepigwa jua. "Basi mpo wangapi?"

Nilimpa chupa mbili zako aonje. Alikunywa ya kwanza amesimama, ya pili akaketi. Nje kulikuwa na gari la watu wa soda wakimngoja, naye alisema asipopata jibu saa ile atachukua soda. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa kinywa chako. Ni lita mia moja na ishirini, tarehe 27 saa sita mchana, na sijui hata kuchemsha chwaa. Nilitaka ujue siku ya Krismasi, nikiwa nimekuandalia maneno mazuri. Ndiyo ile "acha tu."

Sasa lile lingine, kwa sababu ukinisamehe nataka unisamehe yote. Kuanzia Jumatatu ile watu wa hapa waliacha kuniita Mama Valerie. Nikipita ufukweni ni Nyar Migosi, habari ya asubuhi. Nyar Migosi, tuwekee barafu. Wewe tangu uzaliwe una kwenu. Mimi nikiulizwa kwetu, baba amenifundisha kujibu Nyeri, na Nyeri nimefika mara mbili, zote mazishini. Hapa nilikuwa Mkikuyu wa barafu. Kisumu nilikuwa binti wa yule Mkikuyu. Jina lile lilipokuja niliwakatalia chwaa kwa sauti kubwa, lakini jina niliwakatalia kwa sauti ndogo. Pengine sikuwakatalia kabisa.

Hilo ndilo nililokuchukulia. Chwaa sikuigusa, isipokuwa zile chupa mbili za kwanza, ambazo nilikunywa na Valerie.

Njoo na masufuria.

Wamucii


Migosi
19 Desemba 2025

Wamucii,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimeketi, kama Celestine.

Kwanza kazi. Lita mia na ishirini ni chwaa vikombe mia na ishirini kwa kikombe cha robo lita, na ninayo ya themanini. Nitanunua iliyobaki Kibuye kesho kabla wenzangu hawajaamka. Nitakuja tarehe 26 na masufuria matatu, moja halina kifuniko, utanitafutia sinia. Maji ya kwenu siyaamini, nitayachemsha mwenyewe. Barafu ni yako. Iwe ya kunywa, Wamucii, ukiniletea ile yenye magamba nitakumwagia mgongoni.

Pili, nilicheka. Sikutaka. Nilikuwa nimejipanga kukasirika mpaka Februari. Nilipofika kwenye "basi mpo wangapi" Winny alikuja mbio akidhani nimeungua. Kibao cha duka! Miaka thelathini na saba unaishi na sisi na unatafsiri nyar kama mtu anayeelekeza boda.

Tatu, bado nina uchungu na nitakwambia ni wa nini. Si wa hoteli tena. Ni kwamba hiki kitu kimoja walichonichekea, kimesifiwa mbele ya bendi, na sikuwepo, na halikuwa jina langu. Unaweza kuniambia kwenye karatasi mara mia kwamba ulikuwa unanisifu mimi. Naamini. Lakini jina likikosewa kwenye kipaza sauti halisahihishwi kwa kunong'ona. Tarehe 27 Dalmas atanyamazisha bendi, na safari hii mwenyewe atajitaja.

Mimi sijawahi kusimama mbele ya bendi maishani. Nauza vinywaji, mimi ni mtu wa nyuma ya meza. Lakini nitasimama.

La jina lako sikujibu hapa. Sijui bado nitasema nini, na nikikuandikia utanisahihishia Kiswahili.

Ajwang


Asembo Bay
30 Desemba 2025

Ajwang,

Ulipanda pikapu na masufuria yako kabla sijamaliza kupangusa uso, ukanipungia kijiko kama askari wa barabarani. Nakujua. Hutaki kushukuriwa ana kwa ana. Basi pokea kwa Obonyo.

Wewe ulikuwa mbele, hukuona nilichokiona mimi kutoka kwenye meza ya barafu. Hukuona Celestine akimficha mpishi wake jagi. Hukuona wale mama wawili wenye kofia za kanisa, wale uliosema ndio walioanza kucheka chwaa yako miaka ile, wamepanga foleni mara tatu, mara ya tatu wakiwa wamebadilishana kofia. Saa tisa chwaa ilikuwa imeisha, watu wanauliza iko wapi, na gari la soda limekuja lenyewe bila kuitwa.

Halafu Dalmas akainua mkono na gitaa zikanyamaza.

Ulikohoa. Ulikuwa umeshika kipaza sauti kama umeshika kuku anayetaka kukimbia, ukakohoa, na kikohozi chako kikaenda mpaka kwenye maji. Watoto wakacheka. Nikasema moyoni, amekwisha, atarudi nyuma ya meza. Hukurudi. Ulisema Kijaluo, nami nilielewa kila neno, usijidanganye:

"Mimi ni Ajwang, nyar Asembo. Chwaa mliyokunywa ni yangu. Mliicheka, sasa mmeimaliza."

Kelele zile sijawahi kuzisikia hata harusini. Nilidhani umemaliza. Nilianza kupiga makofi na barafu mkononi. Ndipo ukageuka, ukanielekezea kidole mbele ya watu wote, na ukaacha Kijaluo, ukasema kwa Kiswahili, hiki chetu cha kitanda cha juu na cha chini:

"Na aliyeisifu kabla yangu ni yule pale. Wamucii. Amezaliwa Migosi, na mimi ndiye ninayekaa huko, kwa hiyo nikisema najua. Yule ni Nyar Migosi. Msimwite kitu kingine."

Gitaa zikarudi.

Sikucheza. Watu waliniambia nicheze, nilikuwa siwezi kuona sakafu iko wapi.

Jioni nilimpigia baba simu, ingawa hapakuwa na matanga wala mvua. Nilimwambia wameniita nini, na aliyeniita ni nani. Mzee Zachariah akasema Migosi si pabaya. Akasema walipofika walikuwa na kitanda kimoja na jiko moja, mimi nilizaliwa wiki ya pili, na mwenye nyumba, Mjaluo, ndiye aliyemletea mama yangu uji. Miaka yote hii hajawahi kunisimulia. Kwa hiyo hata uji wako wa Ahero nakupokonya namba mbili, wa mama yangu unatangulia ingawa sikuuonja.

Sasa naweza kumaliza barua yangu ya tarehe 10. Kinywaji namba moja, chwaa ya Nyar Asembo, na Celestine anauliza kama Pasaka utakuwa na nafasi. Nimemwambia aulize Migosi, kwa mwenyewe, na nimempa namba yako kwa herufi kubwa ili asikosee tena.

Wimbo namba moja ni kile kikohozi.

Chupa zako tupu zimo ndani. Obonyo asizirusherushe.

Wako,
Wamucii, Nyar Migosi